Ua Lililoua Ua

Ule mlangamia uliofunika nyua za mtaa wetu hapa Kisumu haukuletwa na ndege, wala upepo, wala mafuriko. Niliuleta mimi, kwa bodaboda, ukiwa umekunjwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki pamoja na karatasi zangu za kodi ya mapato. Jirani zangu wanajua. Baadhi yao wamenisamehe.

Ilikuwa Aprili, masika yameshika. Nilikuwa natoka Dunga, nilikokwenda kumjulia hali mgonjwa nikaishia kula ngege mzima peke yangu, na boda ilikuwa inakwepa madimbwi polepole, ndipo nikapata nafasi ya kutazama nyua za watu. Juu ya ua mmoja wa kayaba, mrefu kunipita, ilikuwa kana kwamba mtu amemwaga sufuria zima la tambi. Tambi za manjano zenye kung'aa kwa matone ya mvua, zimefumana, zimening'inia, wala hakuna jani hata moja linaloonekana. Mimi ni mtu wa Malindi. Nikiona tambi, moyo hunikimbilia kwenye futari.

"Simama hapo," nikamwambia dereva.

"Omera, umebanwa?"

"Nataka lile ua."

Akageuka, akatazama. "Hiyo si maua," akasema. "Hiyo ni ugonjwa."

Mimi ni mhasibu, na wahasibu tumezoea kuambiwa ukweli na watu tusiowauliza. Nikashuka, nikavuta kiasi cha mikono miwili. Nyuzi zikakatika bila ubishi wowote, laini kama tambi zenyewe zilizoiva. Wepesi ule ungenishtua kama ningekuwa mtu wa kushtuka. Mmea unaokubali kukatwa kirahisi namna ile una mipango yake.

Nyumbani mke wangu alinitazama nikiutoa kwenye bahasha. "Baba Watoto, hicho nini?"

"Urembo wa getini."

"Una majani?"

"Hauna."

"Una mizizi?"

Nikakagua mwisho mmoja, nikakagua wa pili. "Bado."

Nilichimba shimo chini ya ua wetu wa kayaba, nikatia samadi, nikafukia ncha moja kwa adabu zote, na sehemu iliyobaki nikaitandaza juu ya kayaba ipumzike. Kisha nikawa namwagilia lile shimo kila jioni, mvua ikinyesha na isiponyesha. Ile ncha niliyoifukia ilioza wiki ya kwanza. Sehemu niliyoitandaza ikashika, ikakua, ikatambaa, nami nikaisifu samadi. Siku hizi najua kwamba nilikuwa nanywesha maji mmea usio na mizizi, ambao wakati huohuo ulikuwa unakunywa kayaba yangu, na kayaba ndiyo iliyokuwa ikinywa maji yangu. Kwa hiyo kihesabu hakuna tone lililopotea.

Kiswahili kilijaribu kunionya. Mwalimu wetu wa darasa la tano alituandikia ubaoni neno moja mara tatu: ua, ua, ua. La kwanza, akasema, wingi wake ni maua. La pili, wingi wake ni nyua. La tatu ni tendo, na hilo mtajifunza wenyewe. Nilitaka ua juu ya ua. Tendo likafuata bila kualikwa.

Kufikia Juni getini kwetu kulikuwa kunameremeta. Watu walisimama kupiga picha. Dada wawili waliokuwa wanatafuta mahali pa kupigia picha za mahafali walibisha hodi kuomba ruhusa, na mimi nikatoka nimevaa shati safi. Wakaniuliza jina la ua. Sikulijua, nikasema, "Dhahabu ya Ziwa." Jina likashika upesi kuliko mmea. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu akaomba kipande. Mama anayeuza mandazi kwenye kona akaomba kipande. Mwenyekiti wa mtaa hakuomba. Alituma mtu aje achukue. Wote niliwapa, nikawapa na maelekezo: tia samadi, mwagilia jioni.

Agosti mama yangu akaja kututembelea, basi la usiku kutoka Mombasa, miguu imevimba, mkononi kapu la embe mbichi za kukaushwa na chupa ya achari. Nilimfungulia geti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa ameinua uso, anatazama ua. "Mwanangu," akasema, "nani kakufanyia uadui huu?"

"Uadui gani?"

"Huu mlangamia. Nani kautupa hapa?"

Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mizigo, akanigeukia taratibu sana, kwa utulivu wa mtu aliyeingoja siku hiyo miezi minne.

Mama hakuelewa ilikuwaje mtoto aliyezaliwa Malindi asiutambue mlangamia, kwa maana umejaa kwenye vichaka vya ufukweni na wanawake wa pwani wanautumia dawa. Nikamweleza kwamba utotoni macho yangu yalikuwa kwenye mpira. "Na mpira wenyewe hukuujua," akasema, akaingia ndani kuoga.

Kwa ajili ya kujitetea nilisoma usiku ule mpaka saa nane. Nikagundua jambo ambalo nilidhani lingenirudishia heshima: mlangamia wa vichaka vya ufukweni na huu wangu si mmoja. Ule wa pwani wataalamu wanauita Cassytha filiformis, na ukoo wake ni wa mparachichi na mdalasini. Wangu ni jamii ya Cuscuta, yenye karibu spishi 200 duniani, na huu mnene wa manjano wenye vijiua vyeupe, Cuscuta reflexa, asili yake ni Asia. Ukoo wake ni wa kiazi kitamu. Hawana udugu hata kidogo. Kila mmoja kwa wakati wake aliamua kuacha majani, kuacha mizizi, kuacha kazi, na kuishi kwa kunyonya, na wakaishia kufanana kama pacha. Asubuhi nikamweleza mama haya yote mezani. Akachovya mkate kwenye chai. "Mwizi wa Malindi na mwizi wa Kisumu hawajuani," akasema. "Kuna aliyesema wanajuana?"

Lakini niseme kweli, kadiri nilivyousoma ndivyo nilivyouheshimu. Mbegu yake ni ndogo kama punje ya ulezi, na ina ganda gumu linaloiwezesha kulala ardhini miaka 10 na zaidi. Ikichipua hutoa uzi mmoja mwembamba usio na chakula cha akiba cha kutosha. Una siku chache tu za kupata mti wa kushika, la sivyo unakufa njaa. Basi unazungukazunguka hewani kama kipofu anayepapasa ukuta. Mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, walionyesha kwamba haupapasi ovyo: unanusa. Waliweka mche wa aina mojawapo ya mlangamia karibu na mnyanya, ukaelekea kwenye mnyanya. Wakaondoa mnyanya, wakaweka harufu yake tu, ukaelekea kwenye harufu. Wakauwekea nyanya upande mmoja na ngano upande wa pili, ukachagua nyanya. Ukishashika, unajisokota, unatoboa gome kwa vinyonyeo, unafikia mishipa ya maji na ya chakula, kisha kile kijizizi cha chini kinakauka na unakata uhusiano na ardhi. Mmea usio na pua unajua kinachopikwa kwa jirani. Mimi nina pua, na nilipanda ugonjwa nikauita dhahabu.

Kuna na hili, walilolichapisha watafiti wa China mwaka 2017: mlangamia ukiunganisha mimea kadhaa, mmea mmoja ukianza kuliwa na viwavi, habari hupita ndani ya nyuzi mpaka kwa mimea mingine, nayo inajiandaa kujihami. Kundi letu la WhatsApp la mtaa halijawahi kufikia ufanisi huo. Nina hakika kayaba yote ilijua mhusika ni nani wiki mbili kabla ya mama mwenye nyumba.

Mama mwenye nyumba ndiye hasa niliyemhofia. Ni mjane, anakaa nyumba ya nyuma, mpole, na ana mwembe. Mwembe huo aliupanda marehemu mumewe mwaka waliohamia, na maembe yake anayahesabu. Kayaba yangu ilipoanza kukauka kwa ndani, mlangamia ukatafuta pa kwenda, na tawi moja la mwembe lilikuwa limeinama kuelekea getini kwa hisani.

Nikaingia vitani Jumamosi ya kwanza kwa mikono. Miiba ya kayaba, kwa wasioijua, ina urefu wa sindano ya daktari wa mifugo na madhumuni hayohayo. Nilivuta kuanzia saa moja asubuhi hadi adhuhuri, nikajaza wilbaro tatu, nikapata mikono iliyochorwachorwa kama ramani ya barabara. Ua ukaonekana tena, mwembamba, wa kijivu, unatia huruma. Usiku nikazimwaga wilbaro zote tatu nyuma ya ukuta, kwenye kiwanja kisicho na mtu. Nisilolijua ni kwamba kila kipande chenye kinyonyeo kilichobaki kwenye ngozi ya kayaba ni mmea mzima unaongoja, na kila kipande nilichokitupa ni msafiri. Baada ya wiki tatu vichaka vya kile kiwanja viligeuka dhahabu. Baada ya tano, mlangamia ulipanda ukuta ukarejea kwetu, kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi na chenji.

Ndipo nikawafikiria mbuzi. Kuna kijana anayepitisha mbuzi wa bibi yake kila jioni, na mbuzi wale walishaonyesha nia. Nikamfungulia geti. Walikula kwa furaha, wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakavuta nyuzi zile na vile vijiua vyeupe na vile vijitumba vya mbegu, wakameza kwa sauti. Nilisimama nikiwatazama kama mtu aliyegundua biashara isiyo na gharama. Wiki mbili mfululizo nikawakaribisha. Bibi wa yule kijana, mtu muungwana, akanitumia gunia la samadi kama ahsante. Nikaisambaza kwenye bustani ya mke wangu, kwenye sukuma wiki na nyanya.

Mbegu ya mlangamia hupita kwenye tumbo la mbuzi salama salimini. Vuli ilipoanza, bustani ikatoa nyuzi.

Mke wangu hakusema kitu. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye sukuma wiki, akanionyesha kwa kidole, akanirudisha nyumbani.

Kwenye duka la pembejeo nilimkuta mzee ambaye wazee wake walifika Kisumu siku za reli, ile iliyogota ziwani mwaka 1901. Nikamwonyesha kipande ndani ya mfuko wa nailoni. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Amarbel!" akasema. Akanieleza kwamba kwa Kihindi *amar* ni asiyekufa na *bel* ni mmea utambaao. "Hata yeye katoka kwetu," akaongeza, "lakini mimi nalipa kodi." Nikamuuliza kama ana dawa ya kuua asiyekufa. Akasema dawa ya magugu anayo, lakini itakayemuua kwanza ni yule aliyembeba. Nikasema nipe. Biashara ni biashara, akanipa.

Msomaji mwenye uzoefu atakuwa ameliona tatizo. Dawa ya magugu hufanya kazi polepole, na dalili kwamba imefanya kazi ni majani kugeuka manjano. Adui yangu hana majani, na ni wa manjano tangu kuzaliwa. Nilipulizia kwa bomba la mgongoni Jumapili asubuhi, nikangoja siku kumi nikichungulia kila asubuhi kama amekufa au amechangamka, na wallahi sikuweza kutofautisha. Kayaba ndiyo iliyobadilika rangi. Na kwa kuwa upepo wa ziwani huvuma unavyotaka, sukuma wiki ikabadilika rangi, na nyanya zikanyauka zote.

Hizo nyanya ziliniuma zaidi nilipopata kujua kwamba mnyanya wa bustani ni miongoni mwa mimea michache yenye kinga dhidi ya Cuscuta reflexa. Mlangamia huu ukiutoboa mnyanya, mnyanya hutambua, huziba kidonda, na mlangamia huambulia patupu. Kwa hiyo katika bustani nzima kulikuwa na mmea mmoja ambao adui asingeuweza. Niliuweza mimi.

Kufikia Desemba mwembe ulikuwa umevaa shuka ya dhahabu kuanzia tawi la kwanza hadi kileleni. Maua ya mwembe hayakuonekana, au yalikuwa humo ndani yanatafuta mlango. Nikaazima ngazi, nikachukua panga, nikapanda. Huko juu ni ulimwengu mwingine. Nyuzi zinakuzunguka, mwanga unakuwa wa manjano, unasikia watu chini lakini huwaoni. Nilikata kushoto, nikakata kulia, kila uzi wa manjano uliopita mbele yangu niliukata, na nikapandwa na ari ambayo sijawahi kuipata ofisini. Uzi mmoja ulikuwa mgumu kidogo kuliko wenziwe. Nikaupiga mara mbili. Nikasikia chini mshindo laini wa vitu vingi vizito vikianguka kwa pamoja kwenye matope.

Ilikuwa kamba ya kuanikia ya mama mwenye nyumba. Nailoni, ya manjano, imefungwa kuanzia kwenye mwembe hadi kwenye nguzo, na siku hiyo ilikuwa imebeba mashuka yote ya nyumba pamoja na sare nyeupe za akina mama wa kanisa lake, alizojitolea kuzifua kwa ajili ya Krismasi.

Nilikaa juu ya mti kwa muda. Nilitumaini pengine ataondoka. Hakuondoka. Alitoka, akaokota shuka moja, akalitazama upande wa mbele, akaligeuza akalitazama upande wa nyuma, kisha akainua uso.

"Wuoda," akasema, yaani mwanangu, "teremka tuongee."

Niliyoyasema baada ya kuteremka ni siri yangu na yake, ila naweza kukiri kwamba neno "bahasha" lilitajwa.

Sasa hapa najua msomaji anangoja nimfananishe mlangamia na shemeji aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwaka, anakula na kunyoosha miguu. Kila anayeandika kuhusu mimea hii hufika hapo. Shemeji yangu alikuja kweli Desemba hiyo, kaka wa mke wangu, alisomea kilimo, na ndiye peke yake katika kisa hiki aliyefanya kazi ya maana. Alisimama getini robo saa, mikono nyuma, kama daktari anayetazama picha ya mapafu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Vipande mlivyokata, mlivipeleka wapi?"

Nikamwambia. Kiwanja, mbuzi, samadi. Na wale watu watatu.

"Aha," akasema. "Basi shemeji, mlangamia ni wewe."

Maelekezo yake yalikuwa machache na ya kikatili. Kayaba yote ikatwe ifike gotini, chini ya mahali pa mwisho uzi uliposhika, kwa kuwa kayaba iliyokatwa huchipua lakini kayaba iliyonyonywa haichipui. Kwenye mwembe, kila tawi lililoshikwa likatwe shubiri nzima chini ya kinyonyeo cha mwisho, hata kama roho inauma. Kilichokatwa kidondokee kwenye turubai, kisivutwe ardhini, kisivuke geti, kikaushwe papo hapo na kuchomwa papo hapo. Na mbegu zilizokwisha kuanguka? Hapo akapendekeza mahindi. Mlangamia kwa kawaida hauwezi kuishi kwa nafaka. Wa kuogopwa na mahindi ni kiduha, ambacho hushambulia kutoka chini, na hicho ni kisa kingine cha familia nyingine. Uzi ukichipua ukakuta pembeni mahindi matupu, utapapasa, utanusa, utakufa. "Na usipokufa," akasema, "utakuwa unapita wewe kila asubuhi kuung'oa kabla haujashika."

Tulikata siku tatu. Mama mwenye nyumba alileta kiti, akaketi chini ya mwembe, akawa anaitikia kila tawi lililoanguka kwa kutaja jambo: hili ndilo watoto walifungia bembea, hili lilikuwa linatoa embe za Machi. Mwishoni mti ulibaki kama kinara cha mishumaa. Shemeji akaniambia nisiwe na wasiwasi, mwembe ni mvumilivu. Nikamwambia sina wasiwasi na mwembe.

Moshi ulipanda siku mbili, mzito, na ndio uliowaleta watu. Mwalimu mstaafu alikuja kuuliza kulikoni. Nikamwambia ukweli, na kwamba kile kipande nilichompa, na samadi, na maji ya jioni, ilikuwa vivyo hivyo. Alinyamaza. Akasema alidhani bogenvilia yake imekufa kwa uzee. Siku hiyohiyo akaikata. Mama wa mandazi naye akaelewa, akachoma wake kwenye jiko la mandazi, na nilinunua mandazi kwake kila siku mwezi mzima bila kudai chenji.

Mwenyekiti alikataa. Dhahabu ya Ziwa ilikuwa imefunika ua wake wote, picha yake akiwa mbele ya ua huo ndiyo aliyoiweka kwenye kundi la mtaa, na hakuwa tayari kusikia kwamba ni gugu. "Wivu," akamwambia mke wangu. "Mumeo wake umekufa, sasa anataka na wetu ufe."

Shemeji alishaondoka. Mimi najua hesabu: ua mmoja wenye mbegu, nyua arobaini za mtaa, mvua za Machi zinakuja. Februari, saa kumi na moja alfajiri, nikachukua makasi ya kupogolea, turubai na tochi ndogo, nikaenda kumsaidia mwenyekiti bila yeye kujua. Nilikuwa nimeshakata hatua kama kumi za ua, nazikunja taratibu kwenye turubai kama shemeji alivyonifundisha, ndipo tochi kubwa kuliko yangu ikaniwakia usoni.

Mlinzi alikuwa kijana mwenye heshima. Akaniuliza naiba nini. Nikasema siibi, naondoa. Akauliza tofauti ni nini. Nikaanza kumweleza kuhusu vinyonyeo. Akapiga kipenga.

Kulipopambazuka nilikuwa nimeketi kwenye kibaraza cha mwenyekiti, turubai langu mbele yangu kama kidhibiti, majirani wamezunguka, mke wangu amesimama mwisho kabisa akiwa amejifunika kanga hadi puani, na mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Mwenyekiti, kwa pajama, akafungua kesi: mtu huyu alinipa zawadi, sasa amekuja kuiiba. Niliyemtegemea ni mwalimu mstaafu. Alisogea, akafunua sehemu ya ua niliyokwisha kuikata, akaita watu watazame. Chini ya dhahabu kayaba ilikuwa kuni tupu. Mwenyekiti akavunja kijiti kimoja, kikalia *tak*. Akavunja cha pili. Akauliza, kwa sauti ndogo sana kwa cheo chake, kama lile turubai langu linaweza kubeba ua mzima.

Nimepanda mahindi kando ya geti misimu miwili sasa. Kayaba imechipua na imefika kifuani. Mwembe mwaka huu umetoa beseni moja la maembe, na mama mwenye nyumba aliyahesabu mbele yangu, akanipa mawili. Kila asubuhi kabla ya kazi napita kwa magoti kati ya mahindi nikiwa nimevaa miwani ya kusomea, natafuta nyuzi za manjano zenye unene wa uzi wa kushonea, na wapita njia wamezoea kunyamaza wakidhani naswali Dhuha.

Mwezi uliopita nilimwandikia mama mwenye nyumba barua ya kuhama. Nimepata nyumba Riat, ukuta wa mawe mwanzo hadi mwisho, hakuna hata nyasi. Alikuja jioni na lile daftari lake la kodi, akaketi, akasoma barua polepole, akavua miwani.

"Shemeji yako alisema zile mbegu zinakaa ardhini miaka mingapi?"

"Kumi, mama. Na zaidi."

Akaandika kwenye daftari. Akahesabu kwa vidole, akaandika tena. Kisha akaikunja barua yangu mara mbili, akanirudishia, na kwa ncha ya kalamu akanielekeza kwenye shina la hindi la tatu kutoka getini.

"Pale," akasema, "umeruka mmoja."